Siku Mumbi Alipopishana na Wageni Getini

"Funguo ya geti iko hapa," Njau akasema, akipigapiga mfuko wa koti lake jipya. "Na hapa itakaa. Hakuna mtu anatoka kwa hii boma mpaka wageni wale, waongee, waende kwao."

"Dadi, mtihani ni saa nane. Nimekuambia tangu Jumatatu."

"Na mimi nimekuambia tangu mwezi wa nne kwamba hawa watu wanakuja."

"Mwezi wa nne walimu hawakuwa wamegoma."

"Basi waambie hao walimu waliogoma waje wanisaidie kuchuna mbuzi."

Mumbi akanigeukia. Alikuwa amevaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe, nguo za kusimama mbele ya watu wakubwa, na juu yake amejifunga leso ya jikoni ili babake asizione. Alikuwa ameziona.

"Cucu, mwambie."

"Nimwambie nini?" nikasema. Nilikuwa naponda mukimo wa viazi na mahindi kwa mwiko unaonishinda urefu. "Huyo nilimzaa akitanguliza miguu. Tangu siku hiyo hajawahi kugeuka."

"Maitu, usiingie kwa hii maneno," Njau akasema.

"Sijaingia. Niko mlangoni."

Njau ni mwanangu, ndiyo maana ananiita maitu, mama. Anafunga matanki ya maji hapa Kiganjo, na Jumapili ni mzee wa kanisa. Mumbi ni binti yake wa kwanza na mimi ni cucu yake, nyanya mzaa baba, kwa hivyo jina lake ni langu, na kwetu jambo hilo haliishii kwenye jina. Mtoto aliyepewa jina la nyanya yake ni nyanya yake amerudi. Njau humwita "mami" tangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na hata akimgombeza humgombeza akiangalia ukuta. Ndiyo sababu huwa nawaambia wamama wa kanisa kwamba mimi nasoma chuo kikuu pale Ruiru, mwaka wa nne, Kifaransa. Wakicheka nawauliza wao wamefika mwaka wa ngapi.

Sasa mwaka huo wa nne ulikuwa umebakisha kitu kimoja tu, mtihani wa kuongea. Mwanafunzi anasimama mbele ya meza ya walimu, pamoja na mgeni aliyeletwa kutoka nje ili wasipendeleane, na anatetea kazi yake kwa Kifaransa mpaka wachoke wao au achoke yeye. Walimu walikuwa wamegoma, mitihani ikasukumwa, na huo wa mwisho ukaenda kuangukia Jumamosi ileile ambayo watu wa Maina, kijana anayemchumbia, walikuwa wanakuja kutoka Gatongora kwa ruracio, kuleta mahari. Asiyetokea anarudia mwaka. Na Njau alikuwa ameshaapa mbele ya picha ya babake kwamba mwaka wa tano hautakuwepo. Kwa hivyo Mumbi akikosa saa nane hiyo, miaka yote minne ilikuwa imemwagika kama maziwa kwenye mchanga.

"Baba Mumbi," akasema Ndanu, mke wa Njau. Ni Mkamba wa upande ule wa mashariki ya Thika, na maneno yake huyapima kabla ya kuyatoa. "Si tuwapigie tu simu? Waje Jumamosi ingine."

"Nimpigie Ndegwa? Nimwambie nini?"

Hapo hata Ndanu alirudi kwenye viazi vyake. Mzee Ndegwa ni amu yake Maina, ndugu ya babake, ndiye aliyemlea. Walipokuja mara ya kwanza kubisha hodi, alikunywa chai yake yote, akafunika kikombe kwa kiganja, akasema: "Msichana aliyesoma lugha ya watu wa mbali anaweza kukuaga kwa lugha hiyo, na wewe ukadhani anakusalimia." Njau akamjibu kwamba siku ya ruracio binti yake atakuwa ameketi papo hapo, kwenye kiti kile. Alikionyesha kwa kidole. Tangu siku hiyo kiti kile hakijasogezwa hata kufagia.

"Basi nitaruka ukuta," Mumbi akasema.

"Ruka." Njau alisema polepole. "Kuna chupa zimevunjwa pale juu, lakini ruka. Na ukiruka, mami, mimi nitatamka neno moja tu, na neno hilo litakufuata mpaka—"

Nikaangusha mwiko ndani ya sufuria. Ulilia kama kengele. Kuna maneno ambayo mzazi akiyaanza lazima yakatwe kabla ya mwisho, kwa sababu mwisho wake haufutiki. Mtu anaweza kuoa, kujenga na kununua ng'ombe, na neno la babake likawa limelala chini ya kizingiti likimngoja.

"Mumbi," nikasema, "njoo unishikie sufuria. Mkono umekufa."

Mkono haukuwa umekufa. Tulienda nyuma ya jikoni, pale kwenye kuni, na nikamwambia cha kufanya.

"Kabla ya saa nane geti litafunguliwa mara moja tu," nikasema. "Wao wataimba nje, sisi tutaimba ndani, kisha babako atatoa hiyo funguo yake. Wageni wakiingia, kila mtu anaangalia mbele kwa nyumba na kwa sufuria. Nani anaangalia nyuma? Wewe utajifunika leso, utatoka wakiingia. Muli wa boda nimemwambia angoje pale kwa muuza makaa."

"Na wakisema niletwe?"

"Si wanapanga wasichana wamefunikwa na maleso, kijana atafute wake? Mchezo huo ulianzishwa juzi na watu wa kupiga picha, mimi sikuolewa hivyo. Lakini leo unanifaa."

Aliniangalia. Kisha akaniangalia tena, kutoka kitambaa mpaka vidole.

"Cucu. Hapana."

"Sisi ni mtu mmoja au si mtu mmoja?"

"Shosh, wewe una mgongo kama kikapu."

"Nitaunyoosha. Sikiliza. Walimu watakuambia matokeo lini?"

"Madam Nekoye alisema tutaambiwa hapo hapo."

"Vizuri. Ukirudi tikisa geti, babako atafungua. Ukipita mtihani, ingia na mlango wa wageni, mbele ya kila mtu. Ukianguka, pitia jikoni. Nitakuwa nimekuwekea mukimo kwa ile sufuria ndogo, na hakuna atakayekuuliza kitu mpaka ushibe."

Aliinua kuni moja akaiweka palepale ilipokuwa.

Wageni walikuwa waje saa tano. Saa tano ikaja bila wageni. Saa sita ikaja. Njau alikuwa anatembea kutoka geti hadi mlango wa wageni, mkono mfukoni, na kila akipita jikoni Mumbi alikuwa anamenya viazi vilivyokwisha kumenywa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anajikumbusha mtihani wake kwa kunong'ona. Niliyajua maneno hayo kwa mdundo kama mtu anavyoijua njia ya kwake gizani, kwa sababu alikuwa ameyasomea kwenye masikio yangu tangu mvua za kwanza.

Watu huniuliza Kifaransa kilimpata wapi mtoto wa Kiganjo. Kilimpata Chania, kwenye maporomoko. Nilikuwa nauza mananasi pale, ninakata vipande natia kwenye karatasi, na Mumbi alikuwa bado na meno ya maziwa. Siku moja akaja mama mzee wa Kizungu aliyeachwa na wenzake wakipiga picha. Akaketi kando ya mananasi yangu akaanza kuongea. Kifaransa kitupu. Mimi nikamjibu kwa Kikuyu, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho. Tuliongea mchana mzima. Alilia kidogo, mimi nikalia kidogo, tukacheka mpaka nyani wakaja kuona kuna nini. Alipoondoka, Mumbi akanivuta gauni. "Cucu, alisema nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba mumewe alikuwa mwokaji mkate, na mkate mmoja ukaumuka ukafungua paa la nyumba, akapanda juu yake kuukata, ukaendelea kuumuka, na mpaka leo wanamwona siku za mawingu machache akipunga mkono. Mtoto akaniangalia kwa jicho moja. Akasema, "Unadanganya. Nitajifunza hiyo lugha nijue alisema nini."

Amesoma miaka yote hiyo akinitafutia kosa. Mimi nasema hivyo ndivyo yule mama alivyosema.

Alipoingia chuo alipanga chumba Gatongora, na ndipo alipomwona Maina, anayeuza vifaa vya umeme kwenye duka la pembeni. Wikendi alikuja nyumbani na vitabu. Alinisomea huku akitafsiri. Kulikuwa na mwanamke mmoja kwenye kitabu aliyekaa dirishani akingoja mwanaume kurasa mia tatu. Nikamwambia huyo angekuwa Kiganjo angekuwa amepanda viazi, amevuna na ameolewa na mwingine, akimngoja. Mumbi akaandika nilivyosema akampelekea Madam Nekoye, na Madam Nekoye akauliza huyo mhakiki ni nani. Siku nyingine alinifundisha wanavyokula. Akaniketisha mezani, akaleta majani. Majani yakaondolewa, ikaja supu. Supu ikaondolewa. Nilingoja ugali mpaka nikalala na kijiko mkononi, nikaota nimekufa na mazishi yangu yanaendeshwa na watu wapole sana.

Na kazi aliyokuwa akiitetea siku ile ilikuwa juu ya wanawake wazee katika vitabu vya Wafaransa, wale wanaosimulia hadithi. Aliniambia wanapewa mwanzo wa kitabu na mwisho wa kitabu, lakini katikati, mambo yakianza kunoga, wanarudishwa jikoni. Alitaka kuuliza kwa nini. Nikamwambia hata hapa kwetu ajaribu kuuliza.

Saa saba ilikuwa imepita tuliposikia nyimbo barabarani.

Mumbi aliweka kisu chini. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi kama ndizi iliyomenywa ikaachwa.

"Ni nusu saa mpaka Ruiru," akasema. "Kama hakuna jam."

"Funika kichwa."

Sasa, kila mtu Kiganjo anajua nikishika geti mimi, wageni hutoa jasho. Kuna watu wa Murang'a niliwaimbisha nje mpaka mvua ikanyesha, ikaisha, ikanyesha tena, na mmoja wao akaota uyoga begani. Wanawake wetu walikuwa wamejipanga nyuma yangu, wamefunga viuno, wamekunywa uji wa nguvu. Wale wa nje wakaanza:

*Fungueni, tumetoka mbali,*
*tumesikia kuna ua hapa.*

Na sisi tulikuwa tuwajibu kwamba hapa kuna miiba tu, kisha wao waseme wamevaa viatu, kisha sisi tuulize viatu vya nani, na kadhalika mpaka miguu iume. Badala yake nikasema, "Njau, fungua."

Wanawake wakanigeukia wote.

"Cucu, hata hawajaimba."

"Wana njaa. Sikieni sauti zao. Fungua."

"Maitu, uko sawa?" Njau akauliza.

"Mbuzi inapoa."

Akatoa ufunguo. Aliuzungusha kama mtu anayefungua benki, na geti likalia, na watu wa Gatongora wakamwagika ndani: shangazi na vikapu, wanaume na makreti ya soda mabegani, vigelegele, vumbi. Nyuma yangu nilihisi leso ikipita. Haikukimbia. Ilienda kandokando ya ukuta, imeinama, kama mama mmoja tu aliyesahau kitu nje.

Na hapo ndipo ilipokutana na Maina ana kwa ana.

Alikuwa katikati ya geti, suti ya kijivu, ua kifuani. Leso ikasimama. Yeye akasimama. Niliona macho yake yakishuka chini mpaka kwenye viatu, viatu vyeusi vya mtihani, vimepigwa rangi. Nyuma yake shangazi yake Becky alikuwa anasukuma akiuliza kuna nini, mbona hawaendi.

Maina akanyoosha mikono yote miwili. "Tata, pitieni upande huu," akamwambia shangazi huyo na wanawake wenzake. "Huku kuna matope."

Hakukuwa na matope. Mvua haikuwa imenyesha tangu mwezi uliopita. Wakasogea, pengo likabaki, na leso ikatoka. Muda si muda nikasikia pikipiki ya Muli ikikohoa upande wa muuza makaa.

Njau akafunga geti, akarudisha ufunguo mfukoni, akaupapasa.

Maombi ya pale sebuleni yalikuwa marefu. Hilo nililipanga mimi, nilimwomba mzee wetu mmoja wa kanisa ambaye huombea hata kuku walioko njiani kuja sokoni. Chakula nacho kilichelewa, nacho nikakipanga. Lakini Mzee Ndegwa alikula mbavu mbili tu, akafuta kisu chake kwa karatasi, akakikunja.

"Tumekula," akasema. "Tulikuja kwa jambo."

"Mambo hayaongewi koo likiwa kavu," nikasema. "Mnakijua kisa cha kofia iliyoanguka hapo Chania? Ilipeperushwa juu ya maporomoko, ikaenda na maji mpaka Garissa. Ilivuliwa huko ikiwa na kambare amelala ndani, na kambare akakataa kutoka, akasema amelipa kodi."

Watu wakacheka. Ndegwa hakucheka.

"Hiyo kofia ilikuwa ya nani, Cucu?"

Ulimi wangu ulinitangulia. "Ya Mfaransa mmoja."

"Ah." Akaiangalia meza. "Kumbe Kifaransa kilianza zamani hapa kwenu." Kisha akamgeukia Njau, na sauti yake ilikuwa laini kama mafuta kwenye wembe. "Baba Mumbi, tangu tufike sijasikia sauti ya msichana wetu. Tuleteeni tumwone."

"Mtamwona," Njau akasema. "Ndanu, waambie wajipange."

"Mimi nitawapanga," nikasema, nikainuka.

Ndani ya chumba wasichana wa mtaa walikuwa tayari, wanajipiga picha. Ndanu aliingia nyuma yangu, akawahesabu kwa macho, akafika mwisho na macho yake yakaendelea kutafuta. Kisha yakatua kwangu. Nilikuwa nimeshavua kitambaa.

Hakuuliza. Alichukua leso kubwa kuliko zote, akanifunika, akanifunga kwa nyuma.

"Nyoosha mgongo, Mwaitu," akasema kwa sauti ndogo. Hajawahi kuniita mama kwa Kikamba ila siku babake alipokufa.

Tukatoka hadi sebuleni mstari mmoja. Chini ya leso dunia ni nyekundu na inanuka sabuni. Niliona tu sakafu na viatu vya watu. Nikakumbuka miguu yangu. Nilikuwa na ndara, na kidole gumba cha kulia hakina kucha tangu jembe lilipokipitia. Nikakificha nyuma ya kingine.

Viatu vya Maina vilipita kwa wa kwanza, vikasimama, vikaenda. Vikapita kwa wa pili. Watu walikuwa wanampigia makelele amchague huyu, amchague yule. Akichagua vibaya ni mbuzi ya faini na kuchekwa mpaka uzee. Viatu vikafika kwangu.

Akainama kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka.

"Cucu," akanong'ona.

"Mm."

"Alisema anaanza saa ngapi?"

"Nane."

"Sasa inaenda saa kumi."

"Basi anarudi."

Akashika kamba ya kiatu, kama anaifunga.

"Nikikuchagua, amu yangu atanichinja hapa hapa."

"Ukichagua mwingine, utaoa mwingine. Angalia vile unataka."

Viatu havikusogea. Makelele yakapungua, yakawa minong'ono, minong'ono ikawa kimya. Kisha Maina akasimama wima, akasema kwa sauti iliyofika barabarani: "Ni huyu."

Shangazi Becky alikuja kwa vigelegele, akashika leso, akaivuta juu. Vigelegele vilikwamia kooni kama mfupa. Nikamtabasamia kwa meno niliyo nayo.

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimetegemea angalau watu wawili wangecheka.

"Njau," Mzee Ndegwa akasema. Hakuinua sauti. "Binti yako yuko wapi?"

Njau aliangalia mstari. Wasichana walikuwa wameanza kujifunua mmoja mmoja, na kila uso uliotoka haukuwa wa Mumbi. Mkono wake ukaingia mfukoni ukaushika ufunguo, kana kwamba mtoto alikuwa humo.

"Maitu," akaniambia. "Mumbi yuko wapi?"

"Mumbi ni mimi."

"Si siku ya mchezo."

"Sichezi. Mwingine yuko Ruiru, anafanya mtihani. Amesimama mbele ya watu wenye miwani anawaambia mambo yangu kwa Kifaransa. Mlitaka awe wapi?"

Becky akaitupa leso kwenye kiti, kile kiti chenyewe. "Tumetukanwa," akasema. "Tumetoka Gatongora na watu wazima kuja kufunuliwa ajuza."

"Ajuza huyu amewapikia mukimo, na umekula sahani mbili, nilikuona."

"Mama, tafadhali," akasema Ndegwa, na akanigeuzia mgongo. Mtu akikugeuzia mgongo kwako mwenyewe, ni kwamba ameshatoka. "Njau, mimi nilisema kitu hapa mara ya kwanza. Ukaniambia atakuwa ameketi kwa hiki kiti. Sasa niambie. Msichana ambaye siku ya ruracio yake anatoroka kwenda kuongea na Wazungu, siku mtoto wetu atakapougua atakuwa wapi?"

"Hakutoroka," Maina akasema.

Watu wote wakamgeukia.

"Nilimwona. Tulipishana pale getini mkiingia. Mimi ndiye nilimpisha."

"Ulimpisha," Ndegwa akasema.

"Ndiyo, amu."

"Ulimwona mkeo akitoka, na ukaniacha niingie niketi, niombe, nile?"

"Ningesema mngemrudisha."

Mzee akachukua kofia yake chini ya kiti, akaikung'uta kwenye goti. Wanaume wake walipoiona ile kofia, nao wakaanza kusogeza viti. Mmoja akainua kreti ya soda ambayo alikuwa ameishusha yeye mwenyewe.

Njau akasimama mlangoni kuwazuia. Kumwaibisha mtu kwake, akiwa amevaa koti jipya, ni kitu kibaya, na mimi nilikuwa nimekifanya, na ningekifanya tena. "Sikilizeni," akasema. "Kaeni. Mimi si mtu wa kudharau wageni. Nyinyi nyote ni mashahidi. Huyo msichana akikanyaga hapa, mbele ya Mungu nasema, asiwahi—"

"Mwite," nikasema.

Akageuka kuniangalia.

"Ukitaka kumlaani mtu, unamwita kwa jina. Wewe ni mzee wa kanisa, unajua. Sema jina lake, kisha sema asiwahi nini. Mimi niko hapa nasikiliza."

Nilimsogelea mpaka nikawa chini ya kidevu chake. Nilikuwa sichezi tena hata kidogo. Mwanangu ana hasira za babake, na babake aliwahi kulimaliza neno lake juu ya ndugu yake, na wote wawili tuliwazika mwaka mmoja.

Njau alifungua mdomo. Jina lilifika mpaka kwenye meno. Niliona likifika. Alinitazama, na macho yake yakawa ya yule mtoto aliyetanguliza miguu, na mdomo ukajifunga.

"Twendeni," Ndegwa akawaambia watu wake. "Hapa wanapigana wao kwa wao."

Hapo mlango wa jikoni ukalia.

Mlango huo una bawaba moja mbovu, ukifunguliwa unalia kama paka. Nikadhani Mumbi ameruka ule ukuta wa chupa. Nikawaza sufuria ndogo ile, kwamba niliiacha bila kufunika, kwamba mukimo utakuwa umepoa, kwamba nitaketi naye pale chini na sitamuuliza kitu. Maina naye aligeuka upande ule, na uso wake ulikuwa umekauka. Lazima Mumbi alikuwa amemwambia kwa simu kwamba jikoni ndio mlango wa kuanguka.

Ilikuwa Ndanu, na birika la chai.

"Kunyweni kwanza," akasema.

"Hatunywi," Becky akasema.

"Si vizuri kuondoka na koo kavu."

"Koo zetu si kazi yenu tena."

"Tata, wacha," Maina akasema.

"Siwachi. Wewe ulipisha, mimi sipishi. Njau, fungua geti. Toa hiyo funguo yako ufungue, tuende."

Njau hakusogea.

"Fungua, mzee," Ndegwa akasema. "Na usitufuate na simu kesho. Mimi nitamwambia kijana wangu mbele yenu nyote, ili asiseme hakusikia. Maina, kuanzia leo, huyo msichana—"

Geti likatikiswa kutoka nje, na kila mtu akasikia. Njau akaenda. Aliuzungusha ufunguo mara mbili kabla haujashika. Akabaki huko nje.

Sisi tulibaki vile tulivyokuwa, mzee ameinua kofia, Becky ameinua kidole. Nikazihesabu hatua changaraweni. Kwenda jikoni unakata kushoto kwenye tanki. Hatua zikafika kwenye tanki.

Zikapita.

Mlango wa wageni ukafunguliwa, na Mumbi akaingia, leso begani, kiatu kimoja mkononi.